Majina Aliyoyasikia Nahar

Majira ya baridi yale watu wa Salt, mji wetu wa Jordan, walimwogopa mzee mmoja kipofu ambaye kosa lake lote lilikuwa kutembelea wagonjwa. Waliostahili kuogopwa tulikuwa mimi na kaka yangu Ghalib, ila hilo hatukulijua bado.

Mzee mwenyewe aliitwa Nahar. Sisi tulimwita Abu Ratib, kwa jina la mwanawe. Alizaliwa haoni. Miaka thelathini na mmoja alikaa katika chumba cha simu cha hospitali moja ya Amman, akiunganisha madaktari na wake zao, wagonjwa na ndugu zao. Alikuwa mrefu, nadhifu kupita kiasi, shati limenyooshwa mpaka kola inakata, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko kola. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki. Alipostaafu alirudi kwenye nyumba ya mwisho juu ya ngazi za mawe za mtaa wetu, akanunua kompyuta inayosoma skrini kwa sauti, akaanza kugombana na dunia nzima kuhusu tovuti.

Mimi alinijia dukani. Tuna duka dogo Mtaa wa Hammam, mimi na Ghalib. Yeye huchapa kadi na mabango, mimi hutengeneza tovuti. Tuna pia ukurasa wa matangazo ya vifo vya mji, na huo ndio ukurasa ambao kila mtu hapa huufungua asubuhi kabla ya chai. Kwetu ukikosa kufika msibani ndani ya siku tatu, uwe na sababu ya maana au uhame mji. Wakati ule matangazo tulikuwa tukiyaweka kama picha: tangazo limepambwa, lina fremu nyeusi na maandishi ya kuvutia, limepigwa picha, limewekwa. Niliona tumefanya kazi nzuri.

"Nani hapa anaitwa Khuzama?" alisema mzee, fimbo imeshaingia kabla yake.

"Mimi, ami. Karibu."

"Sikaribii. Rafiki yangu Awwad amekufa Zarqa, kazikwa, msiba umeanuliwa, na mimi niko nyumbani nasikiliza ukurasa wako unaniambia 'picha, picha, picha.' Picha ya nini? Ya kuku?"

Nilikasirika, sitadanganya. "Si ungeuliza mtu, ami?"

"Nimeuliza mashine. Na mashine inasoma ulichoiandikia wewe. Hukuiandikia kitu."

Nilitaka kumjibu, akanitangulia kueleza. Awwad alikuwa mwenzake wa chumba cha simu miaka yote ile, na watoto wa Awwad walikuwa hawamsemeshi tena kwa sababu hakutokea. Hasira ikaniisha, nikampa kiti.

Hakuondoka kwenye kiti hicho miaka minne. Kila ukurasa niliotengeneza, wa zahanati, wa chama cha wakulima wa zabibu, wa kiwanda cha sabuni, aliupitia kwa masikio. Alinifundisha kwamba kila picha iwe na maneno nyuma yake, kitufe kiseme kazi yake, vichwa vya habari vipangwe ili mtu aruke kutoka kimoja hadi kingine, na kila kitu kifikike kwa kibodi peke yake. "Viwango vipo," alikuwa akisema, "watu wenye akili wameshaviandika, wewe unaona uvivu kuvisoma." Sauti ya mashine yake aliiendesha kasi mno, mimi nilisikia mlio tu, kama cherehani. Na kila nilipokosea alicheka kwa raha ya kweli. Nilimpenda mzee yule. Nilikuwa nikimhofia pia, kama mwanafunzi anavyomhofia mwalimu anayejua.

Basi majira ya baridi yale yakaanza mambo.

Kwanza ilikuwa Jiryis, fundi nguo. Nahar alipanda kwake na chupa yake ya kahawa chungu yenye iliki, akagonga, akakaa robo saa. Wakanywa kikombe kimoja kimoja, akasema "tusameheane," akaondoka. Siku ya tisa Jiryis akafa. Sawa, alikuwa mtu mzima. Kisha Umm Sakhr, ambaye alikuwa analalamika mgongo tu. Nahar akaenda na chupa yake, na kabla ya wiki mbili kupita tukamzika. Kisha mwalimu Hiyari, mtu wa miaka arobaini na minane, mwenyewe akisema ana vidonda vya tumbo. Kahawa, "tusameheane," mlango. Siku kumi na moja.

Hapo mji ukaanza kumwangalia vingine. Duka letu liko chini ya ngazi, kwa hiyo nimeyasikia mwenyewe: fimbo ikianza kugonga mawe kule juu, televisheni zinazimwa moja baada ya nyingine kushuka mlima, watu wananyamaza ndani ya nyumba zao mpaka fimbo ipite. Ikishapita, zinawashwa tena. Mchana kweupe, jua linawaka kwenye mawe ya manjano, na mtaa mzima umebana pumzi. Mwanamke mmoja alipoona fimbo imesimama mbele ya mlango wake alipiga kelele, kumbe mzee alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

"Karani wa Izraili anapita," Ghalib alininong'oneza. "Inama, dada, asikuone."

"Haoni, mjinga wewe."

"Ndiyo maana hakosei."

Nilimtupia daftari. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeinama, na usiniulize kwa nini, maana mimi si mtu wa mambo hayo.

Jumatatu moja asubuhi alikuja kunipimia fomu ya zahanati. Nikaona heri niulize.

"Ami, unajuaje?"

"Najuaje nini?"

"Nani atakufa."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Khuzama, unanichezea? Si wewe unaniambia?"

"Mimi?"

"Nani mwingine? Leta hiyo kibodi."

Akafungua ukurasa wa vifo, akaipunguza kasi ile sauti. "Kwa ajili yenu wazito," alisema. Siku ile tulikuwa na matangazo mawili. Sauti ikayasoma yote mawili, vizuri, neno kwa neno kama nilivyoandika. Chini yake skrini ilikuwa nyeupe, na chini ya ule weupe namba ya simu ya duka. Nikadhani sauti itasoma namba. Nahar akabonyeza mshale.

"Imempendeza Mwenyezi Mungu," ilisema sauti, "kumwita kwake Bi Wasfiya, mama wa Mahir na Zuhdi, aliyefariki siku ya nukta nukta nukta, na atazikwa baada ya sala ya nukta nukta nukta."

Bi Wasfiya nilikuwa nimesalimiana naye saa moja kabla. Alikuwa anachagua nanaa sokoni, akimtukana muuzaji.

Niliikodolea macho skrini. Nyeupe. Nahar akabonyeza tena. Sauti ile ile ya mwanamke mchangamfu, inayosoma hali ya hewa na bei ya nyanya, ikatoka kwenye ule weupe ikamtaja mtu mwingine aliye hai, na mwingine, na mwingine. Watano pamoja na Bi Wasfiya. Nukta nukta nukta.

"Mwezi uliopita walikuwa saba," alisema Nahar.

Ukitaka kunicheka, nicheke sasa. Tangazo la kifo kwetu si jambo la dakika. Lina watoto, wakwe, mabinamu, koo zilizooleana, kwa mpangilio wake, na ukimsahau mkwe mmoja umeanzisha ugomvi wa miaka. Na maiti hapa haisubiri, mtu hufa asubuhi akazikwa alasiri. Kwa hiyo daktari akishawaambia watu wa nyumba kwamba hakuna la kufanya, mmoja wao huja kwa Ghalib kimyakimya na karatasi, tangazo likaandaliwa, likakaa tayari, siku ikabaki wazi. Mgonjwa haambiwi. Mgonjwa kwetu haambiwi kamwe. Huambiwa ni mgongo, ni tumbo, ni baridi imemwingia.

Na tangu baridi ile ianze, matangazo hayo yaliyo tayari niliyaweka mimi kwenye ukurasa ule ule, ili siku ikifika nijaze siku na sala tu. Niliyafanya yasionekane: niliyaondolea rangi yote, kama wino wa maji. Jicho halioni kitu. Nikaona nimeyaficha. Mimi, niliyefundishwa miaka minne kwamba kuficha kwa jicho si kuficha kwa sikio, niliufanyia ukurasa wa wafu kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na kwa majira mazima vipofu wa mji huu walikuwa wakisikia kila siku orodha ya watakaokufa.

"Na hukuniambia!" nilimpigia kelele. Aibu ndiyo iliyokuwa inapiga kelele.

"Nilidhani umefanya makusudi. Nikasema, yule mtoto ana moyo, ametukumbuka."

"Nayafunga leo leo."

"Usifunge."

"Ami, hii ni siri ya watu! Watu wanakuogopa mpaka wanazima televisheni!"

"Nasikia zikizimwa, unadhani mimi kiziwi pia?" Akatafuta ukingo wa meza, akaushika. "Nisikilize. Umm Sakhr alikuwa hasemi na dada yake miaka kumi na miwili. Sikumwambia anakufa, Mungu apishe mbali. Nilimwambia, mpigie dada yako, jana nimemwota. Akampigia. Dada akaja, wakalia, wakala pamoja. Wewe funga. Lakini utakapofunga, niambie nani mwingine katika mji huu atakayemdokezea mtu ukweli."

"Kwani ukweli wenyewe si kazi ya watoto wao?"

"Watoto wao wako hapa kwako na karatasi."

Nikamwambia nitafikiri. Ukurasa ule niliusafisha wote baadaye, kwa hiyo msinitukane, lakini siku ile sikuugusa, na siku saba zilizofuata sikuugusa. Kila asubuhi nilikuwa naukuta ule weupe chini ya skrini na siwezi kuuangalia.

Siku ya nane nilikuwa Amman kwa mteja. Niliporudi saa kumi jioni nilimkuta Ghalib kakaa, hajanitania, hajaniuliza nimemletea nini.

"Ratib alikuja saa sita," alisema.

"Ratib gani?"

"Ratib wa Nahar."

Niliweka mfuko chini.

"Saratani ya kongosho," alisema Ghalib. "Miezi miwili, labda mitatu. Mzee wamemwambia ini limejaa mafuta, aache samli. Ratib alilia hapa, Khuzama, mtu mzima yule. Ameniapisha, na wewe pia umeapishwa. Mzee asijue. Anasema akijua atavunjika."

"Karatasi iko wapi?"

"Nimeshaiweka kwenye ukurasa. Hukuwepo, nikafanya mwenyewe. Kama unavyofanya wewe."

Sikumbuki kukaa kwenye kiti. Nakumbuka vidole vyangu vinabonyeza herufi zisizo zenyewe. Nilikuwa najua la kufanya, ni mistari miwili, mzee mwenyewe ndiye aliyenifundisha: ukiuambia ukurasa kitu kifichwe kabisa, jicho halikioni na sikio halikisikii. Nilipaswa kuyafunga yote. Lakini nikawaza, nikiyafunga yote atagundua ukimya, atauliza kwa nini leo. Nikalificha lake peke yake. Wale watano nikawaacha wasemwe.

Kutoka saa sita hadi saa kumi ni saa nne. Hizo saa nne nilizihesabu tena na tena. Nilijiambia mchana yule mzee hulala. Nilijiambia husikiliza asubuhi tu.

Siku tatu hakuja. Siku ya nne, baada ya adhuhuri, nilisikia fimbo juu ya ngazi. Televisheni zikaanza kuzimika. Ya jirani wa juu, ya muuza viatu, ya Umm Adib. Fimbo ikaja, ikaja, haikusimama kwa mtu, mpaka mlangoni kwangu. Na katika mkono wa pili, badala ya mfuko wa kompyuta, alikuwa na chupa ya kahawa.

Kwa nini kahawa? Kwa miaka minne hajawahi kuniletea kahawa, hunywa chai yangu na kuilaumu. Nilimgeukia Ghalib, na Ghalib alikuwa mweupe kama karatasi zake. Nikawaza vipimo vya damu nilivyopima mwezi ule, na mama alivyoniambia kwa haraka sana kwamba ni upungufu wa damu tu. Nikawaza nani ameleta karatasi yangu. Nikawaza kama Ghalib ndiye aliyeiandika, na ameandika nini juu yangu.

Nahar akakaa. Akatoa vikombe viwili vidogo mfukoni, akavijaza bila kumwaga tone.

"Kunywa."

"Ami," sauti yangu haikuwa yangu, "mimi nimo?"

"Umo wapi?"

"Kwenye orodha."

Akageuza uso upande wangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaona haya. "Ewe mtoto! Toba! La, la, la. Nimekutisha. Nisamehe." Akanishika mkono, wake ulikuwa mkavu na una joto. "Si wewe. Ni mimi."

Ghalib alisimama akaenda nyuma, nikasikia anafungua bomba la maji asilolihitaji.

"Jumanne," alisema Nahar, "baada ya chakula, nilifungua ukurasa. Sikufungua kwa ajili ya mtu, nilitaka kuona kama Bi Wasfiya bado yuko. Nikamsikia. Nikabonyeza chini, nikasikia jina langu. Jina langu, la baba yangu, la babu yangu. Nikasikiliza mara moja tu, kisha nikaizima. Nilikaa pale mpaka magharibi." Akanywa kidogo. "Asubuhi nikafungua tena. Wasfiya yupo. Wale wanne wapo. Mimi simo. Jana simo. Leo simo."

Nilijua sasa linakuja nini, na ningetoa chochote lisije.

"Nikawaza," alisema, na yule mzee mwenye mdomo mkali alikuwa anasema polepole, anachagua maneno kama mtu anayeomba, "labda daktari amepata majibu mengine. Huwa inatokea. Nimekaa hospitali miaka thelathini na mmoja, nimeunganisha simu za namna hiyo. 'Tulichanganya faili, samahani.' Inatokea. Wengine wote wapo na mimi nimetolewa, lazima kuna sababu. Kwa hiyo nimekuja kukuuliza. Wamenifuta?"

Alikuwa anatabasamu. Si sana, kona moja ya mdomo, kama mtu anayejizuia asifurahi mapema.

Ratib alikuwa ametuapisha. Neno moja tu lilitosha: ndiyo. Ndiyo, ami, ilikuwa makosa, ni Nahar mwingine, wa Irbid. Angeniamini. Angepanda ngazi zile anaimba. Miezi miwili yote angeimba, angeacha samli, angelaumu chai yangu. Nilifungua mdomo kulisema.

"Wewe hujawahi kunificha kitu kwenye ukurasa," alisema. "Tangu siku ya kuku."

Nikalia. Nililia kwa sauti, sikujali Ghalib wala mtaa.

"Hawajakufuta, ami," nilisema. "Bado umo. Ni mimi nimekuficha usijisikie."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa pale kidogo, limesahauliwa, kisha likaondoka. Akaweka kikombe mezani, akakikosa kisahani, akakitafuta, akakiweka sawa. Nje mtaa ulikuwa bado kimya, watu wanasubiri fimbo itoke.

"Kongosho?" aliuliza.

"Kongosho."

"Nilijua si ini. Ini haliumi hivi." Akavuta pumzi. "Alhamdulillah. Ahsante, binti yangu. Nani alileta karatasi, Ratib?"

"Ratib."

"Alilia?"

"Ghalib anasema alilia sana."

Akatikisa kichwa, kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake. "Basi nina ombi moja. Asijue kwamba najua. Amejitahidi mno kunidanganya, maskini, na hajui kudanganya tangu mdogo. Tusimvunje moyo."

Kabla sijajibu Ratib mwenyewe alitokea mlangoni, anahema, ametafuta mji mzima. Akaniangalia, akaona macho yangu mekundu, akaniangalia tena kwa hofu.

"Baba! Kumbe uko hapa. Nimetoka kwa daktari sasa hivi. Anasema unaendelea vizuri sana. Mafuta ya ini yanapungua."

"Nilikwambia mimi," alisema Nahar, anakusanya vikombe vyake. "Tangu niache samli najisikia kijana. Khuzama hapa analia, nimemwambia fomu yake ya zahanati ni takataka."

Ratib akacheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe. Akamshika baba yake mkono, wakatoka, wakaanza kupanda, mzee akimsimulia kosa la kitufe cha tatu.